Mjomba alipigwa siti skani mbili ndani ya wiki tatu: ya kwanza haikuona kitu, ya pili ikaona saratani ya ini. Tofauti ilikuwa sekunde tu

#1 Dalali wa Gunia

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mjomba wangu ni mkulima wa Chemba, Dodoma, ana miaka 58. Miaka sita iliyopita alikwenda kumtolea damu mkwewe aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi. Damu yake ikakataliwa: ana homa ya ini B, aende kliniki. Hakwenda. Jibu lake nalikumbuka mpaka leo: "Mpwa, mimi sina homa. Kliniki nikafanye nini?" Aliyeubatiza huu ugonjwa jina la homa alitukosea sana, maana watu wanaishi nao miaka 20 au 30 na mwili haujawahi kuchemka.

Mwaka huu baada ya mavuno akaanza kulalamika uzito chini ya mbavu za kulia. Suruali zinamvuka. Tukamleta mjini. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ini, sentimita nne hivi, na kingine kidogo pembeni yake. Kipimo cha damu kinachoitwa AFP, protini ambayo mara nyingi hupanda saratani ya ini ikiwepo, kikatoka juu sana. Daktari akaandika siti skani.

Hapo nikaingiwa na tamaa ya haraka na unafuu. Nikampeleka mahali fulani, sitapataja. Dakika tano tumeshatoka, filamu mkononi. Ripoti ikasema ini lina makovu ila hakuna uvimbe unaoonekana wazi. Tulichinja kuku, wakuu. Mjomba akapanda gari la Kondoa akarudi zake shambani.

Daktari wa kliniki alipoinua ile filamu kwenye mwanga hakucheka. Akauliza swali moja: "Awamu nyingine ziko wapi?" Mimi awamu ninazozijua ni za mgao wa maji. Akaandika rufaa, tukaenda hospitali kubwa, wakarudia. Uvimbe uko pale pale, vipande viwili, unang'aa kama taa ya bodaboda usiku wa giza.

Ini ni lile lile. Kilichobadilika ni saa ya kupiga. Wale wa kwanza walipiga mara moja tu, kama sekunde 70 baada ya dawa ya kung'arisha picha, inayoonekana nyeupe, kuingia mshipani. Wa pili walipiga kabla ya dawa, wakapiga kwenye sekunde ya 35 hivi, wakapiga ya 70, wakasubiri dakika tatu wakapiga tena.

Nilimganda yule daktari mpaka akanifundisha. Ini linapata damu kwa njia mbili. Karibu robo tatu inatoka matumboni na chakula chake, kupitia mshipa mkubwa unaoitwa vena porta. Robo iliyobaki inakuja na ateri, damu mbichi ya moyo. Saratani ya ini ikikua inajitengenezea mishipa yake yenyewe, na mishipa hiyo inakwenda kujiunga na ateri.

Nikamwambia, daktari, huyo ni mwizi wa maji. Mtaani kwetu Nkuhungu alikuwepo mmoja kajiunganishia kinyemela kwenye bomba kuu. Sasa chukulia siku ile maji yanapotiwa klorini nyingi mpaka yanatoka meupe kama maziwa. Mwizi anayapata meupe wa kwanza, sisi bado tunakinga safi. Baadaye weupe unafika mtaa mzima, na hapo katikati ndoo zote zinafanana. Saa inavyokwenda, kwa mwizi maji yameshakuwa safi na sisi ndiyo kwanza tunakinga maziwa.

Ukipiga picha mapema unamwona: yeye mweupe, ini lote kijivu. Ukipiga kwa kuchelewa unamwona pia: ini jeupe, yeye kiza. Ukipiga mara moja tu, katikati, ndoo zote sawa. Ndiyo picha niliyoilipia mimi nikachinja kuku.

#2 Nzuguni Kwetu

Pole sana mkuu. Mjomba anaendeleaje?

#3 Mlenda Mkavu

Hiyo ya klorini nimeielewa kuliko darasa la baiolojia la miaka minne.

#4 Jiwe la Bahi

Mimi naona hizi skani ni biashara. Zamani daktari alikubonyeza tumbo akajua.

#5 Dalali wa Gunia

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli alijua. Alijua uvimbe ukishafika ukubwa wa embe, na mgonjwa akazikwa kabla ya masika.

#6 Chumba Namba Tatu

Mleta uzi umeeleza vizuri. Mimi nina miaka tisa ya kupiga picha za mionzi hapa kanda ya kati, niongeze ya upande wetu wa ndani ya kioo.

Kuinasa ile sekunde ya 35 ni kazi. Dawa yetu ina madini joto, na inasukumwa na mashine, mililita tatu mpaka tano kila sekunde. Kwa hiyo kile kisindano chembamba cha mgongoni mwa kiganja hakifai, tunatafuta mshipa mnene kwenye kiwiko. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu dawa inachelewa njiani, ukihesabu kwa saa ya ukutani umemkosa mwizi. Ndiyo maana mashine inawekwa iitazame aota kwanza, mshipa mkuu utokao moyoni, ikiona imeanza kung'aa ndipo inahesabu.

Halafu pumzi. Mashine nyingi zinatoa amri zenyewe kwa Kiingereza. Mzee wa Mpwapwa amelala pale, anasikia sauti ya mwanamke inatoka juu ya kichwa chake, anaitika "Naam!" Picha imetikisika. Mimi ile sauti huwa naizima, nasema mwenyewe: mzee vuta pumzi, ishikilie hapo hapo. Na huwa nawaambia mapema kwamba dawa ikiingia watasikia joto mwili mzima na watahisi wamejikojolea. Hawajajikojolea. Usipowaambia, wazee wa heshima wanaruka kitandani kwa aibu katikati ya kipimo.

Kabla ya kwenda: kipimo cha figo cha kreatinini kiwepo. Sema kama uliwahi kupata mzio kwa dawa ya siti. Sema kama unatumia metfomini ya kisukari.

Na kubwa ni fomu. Daktari akiandika "siti ya tumbo" basi, na foleni ni ndefu, utapigwa awamu moja, kwa sababu kwa kidole tumbo au jipu hiyo inatosha. Iandikwe kwamba tunatafuta uvimbe wa ini, awamu tatu au nne, mgonjwa ana homa ya ini B. Haya maneno ya mwisho yakikosekana hata msomaji wa picha anasoma gizani.

#7 Binti Chamwino

Kaka Chumba Namba Tatu, swali. Mama yangu alipokuwa na uvimbe wa titi walichukua kinyama kwanza ndipo wakasema saratani. Kwa ini mbona mnasema bila kinyama? Picha inaweza kumhukumu mtu?

#8 Chumba Namba Tatu

Swali zuri dada. Ini ni kesi ya peke yake. Mtu mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, yaani sirosisi, au mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, akikutwa na uvimbe wa sentimita moja kwenda juu unaong'aa kwenye awamu ya ateri (ile ya sekunde ya 35) kisha unafifia kuliko ini lenyewe kwenye awamu za baadaye, madaktari wanaruhusiwa kuuita saratani ya ini bila sindano ya kuchukua kinyama. Chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kilitoa utaratibu wake mwaka 2011, unaitwa LI-RADS, una madaraja 1 mpaka 5. Daraja la 5 maana yake hakuna ubishi.

Ila angalia hilo sharti la mwanzo. Mtu asiye na sirosisi wala homa ya ini B akionyesha picha hiyo hiyo, hukumu haitolewi, kinyama kinachukuliwa. Utaratibu umejengwa juu ya hatari aliyonayo mgonjwa kabla hajapanda kitandani.

Kwanini wanakwepa sindano? Ini bovu halitengenezi vizuri vitu vya kugandisha damu, kwa hiyo ukichoma anaweza kuvuja. Na mara chache sindano inaacha mbegu za saratani njiani inapotoka.

#9 Mama Mapacha

Na mimi nitoe ushuhuda ili watu wasife kwa presha. Nilikutwa na uvimbe wa ini sentimita tano wakati napimwa mimba. Nilishaanza kuwagawa watoto kwa dada zangu, nisiwafiche. Baada ya kujifungua wakanipiga siti ya awamu. Kumbe hemanjioma, fundo la mishipa tu, watu wengi wanalo hawajui. Daktari alinionyesha: dawa ilianza kujaa kwenye kingo, vipande vipande, ikaingia ndani polepole, na mwisho wa picha bado imo, haijatoka. Akasema saratani ya ini inawaka haraka na kuzimika haraka, hili lako linawaka taratibu kama jiko la pumba. Mapacha wako darasa la tatu sasa.

#10 Tiba ya Miti

Achaneni na mionzi. Kuna mzizi unaosafisha ini ndani ya siku 21. Njoo inbox.

#11 Chumba Namba Tatu

Ndugu, ini ndilo linalochuja hiyo mizizi. La mgonjwa tayari limechoka. Tumepokea watu wa aina hiyo wakiwa wa manjano mpaka kwenye kucha, usinilazimishe kusimulia.

#12 Dalali wa Gunia

Asanteni. Nimejibu kidogo kidogo kwa sababu tulikuwa Dar. Mjomba hakufaa upasuaji, makovu ni mengi. Lakini ini bado linafanya kazi, na uvimbe haujaingia kwenye vena porta. Wakaamua kuziba.

Wenye ujuzi mtanirekebisha. Wanapitisha mpira mwembamba kwenye kinena, unapanda ndani ya ateri mpaka kwenye tawi linalolisha uvimbe, wanamwaga dawa ya saratani hapo hapo na kuziba njia. Nikauliza, sasa ini lenyewe halitakufa kwa kukosa damu? Daktari akasema ndiyo maana tulihakikisha kwanza porta iko wazi. Mwizi anategemea bomba moja, wenye nyumba wana mfereji wao mkubwa. Ukifunga bomba unamuua mwizi na mtaa unabaki unakunywa. Porta ingekuwa imeziba, wasingethubutu kufunga ateri hivi hivi.

Nilishangaa kwamba kipimo na tiba vinasimama juu ya jambo lile lile moja. Yaani ile picha ya sekunde ya 35 ndiyo pia ramani ya fundi.

Kitu cha kuwashauri wanaouguza: baada ya wiki nne mpaka sita anapigwa siti nyingine, na msikimbilie kuuliza "umepungua sentimita ngapi?" Mimi niliuliza nikaonekana mshamba. Uvimbe uliokufa unaweza kubaki na ukubwa ule ule kwa miezi. Kinachoulizwa ni kama damu bado inapita humo. Pasipong'aa kwenye awamu ya ateri pamekufa. Panapong'aa pako hai.

#13 Chumba Namba Tatu

Sahihi kabisa, na kipimio chake kina jina, mRECIST, kilichapishwa 2010. Unapima kile kipande kinachong'aa tu, unaacha kilichokufa. Kabla yake watu walikuwa wanapima uvimbe mzima na kuandika "hakuna mabadiliko" kwa mgonjwa ambaye tiba imemfaa.

Tahadhari moja: baadhi ya waliozibwa hutiwa mafuta yenye madini joto, na hayo mafuta yenyewe ni meupe pee kwenye siti. Msomaji asiyejua atadhani panang'aa kwa damu. Ndiyo maana picha ya kabla ya dawa hairukwi, na wakati mwingine wanaomba MRI, picha ya sumaku. Kwa hiyo nenda na filamu zako zote, za zamani na mpya, au diski. Usiache nyumbani chini ya godoro.

#14 Mtoto wa Makole

Shemeji yangu alitibiwa India, wakamfanyia kitu wanaita pafyusheni, picha ina rangi nyekundu na bluu kama ramani ya mvua. Hiyo ndiyo bora zaidi? Tuitafute wapi?

#15 Chumba Namba Tatu

Siti ya awamu ni picha nne za mnato. Pafyusheni ni video. Mashine inarudia eneo lile lile la ini kila baada ya sekunde chache kwa dakika moja au zaidi, halafu kompyuta inafuatilia dawa ikipanda na kushuka kwenye kila nukta. Inakupa namba: mililita ngapi za damu zinapita kwa dakika katika gramu 100 za nyama ya ini, ngapi zimeletwa na ateri, ngapi na porta, na damu inakaa humo muda gani kabla ya kutoka. Zile rangi ni hizo namba zimepakwa ili jicho lizione.

Utamu wake uko kwenye ufuatiliaji. Kuna dawa za vidonge kama sorafenibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini mwaka 2007, ambazo zinabana uotaji wa mishipa ya uvimbe. Mgonjwa anaweza kumeza wiki kadhaa, uvimbe uko vile vile kwa rula, lakini damu inayoingia imeshuka. Pafyusheni inaweza kuliona hilo mapema kabla rula haijaona.

Sasa upande wa pili, na hapa huwa nabishana na wenzangu wanaopenda mashine mpya. Unarudia rudia mionzi juu ya mgonjwa mmoja. Ini linapanda na kushuka na pumzi, kwa hiyo nukta uliyokuwa unaifuata imehama. Na namba za mashine ya kampuni hii hazilingani na za kampuni ile, ukipigwa leo huku na kesho kule huwezi kuzilinganisha. Hukumu ya saratani ya ini bado inatolewa kwa siti au MRI ya awamu. Kwa mgonjwa wa Dodoma mimi sitamwambia auze ng'ombe akatafute ramani ya rangi. Nitamwambia adai awamu zake zote, na ripoti isomwe na bingwa wa radiolojia.

Na msiidharau dopla, ile ultrasaundi inayosikika kama upepo, shwaa shwaa. Haina mionzi, haina sindano, na inakuambia kama porta inapita damu au imeziba. Mwenye homa ya ini B ambaye daktari amemweka kwenye kundi la hatari anatakiwa ultrasaundi kila miezi sita, pamoja na AFP. Hiyo ndiyo inayowakamata wakiwa na sentimita mbili.

#16 Binti Chamwino

Kila miezi sita, na kituo chetu ultrasaundi ipo siku za kliniki ya wajawazito tu. Baba akipanga foleni pale wanamcheka.

#17 Jiwe la Bahi

Nimesoma wote, nimerudi nyuma kidogo. Ila hamjataja mahindi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68 kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, 20 wakafa. Nilikuwa naishi huku, nilihudhuria mazishi.

#18 Dalali wa Gunia

Mzee umegusa kidonda. Sumukuvu ya kiasi kikubwa inaua ini kwa siku chache, kama ule mwaka. Ya kidogo kidogo, miaka na miaka, inaleta saratani, na ikimkuta mwenye homa ya ini B hatari haijumlishwi, inazidishwa. Kupika hakuiondoi. Ugali ukiiva na yenyewe imeiva.

Mjomba anahifadhi kwenye kilindo, ghala la kienyeji, mahindi aliyoanika chini kwenye udongo. Na mimi ni dalali wa Kibaigwa. Nimeshachanganya gunia lililonyeshewa na manne makavu ili lipite, na si mara moja. Simwambii mtu mwingine ila ninyi ambao hamnijui jina. Msimu huu nimenunua turubai sita na mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, nimempelekea, kaniuliza nimeanza dini gani.

#19 Mlenda Mkavu

Mkuu tupe mrejesho wa skani ya mwisho basi.

#20 Dalali wa Gunia

Tumetoka jana. Uvimbe mkubwa umezimika wote, mweusi tii kwenye awamu ya ateri. Ule mdogo una ukingo upande mmoja bado unang'aa, kama mwezi mchanga. Porta iko wazi. Atarudi kuzibwa tena mwezi ujao. Safari hii ndani ya mashine hakushtuka, alikuwa anamfundisha mwenzake kwenye benchi: "Utahisi umejikojolea. Tulia."

Watoto wake saba nimewapeleka kupima wote siku moja. Watano hawana, wameanza chanjo wale ambao hawakuwahi kuipata. Wawili wakubwa, waliozaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijaanza kutolewa kwa watoto nchini mwaka 2002, wanacho kirusi. Kaka mtu alinyamaza. Dada yake alikunja karatasi ya majibu mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaniuliza: "Lakini mbona sina homa?"